Jiji likope kwa ajili ya faiba, lakini kila mtu aione hesabu

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba halmashauri ya jiji haina sababu ya kujiingiza kwenye mambo ya intaneti. Kwake yeye, kazi ya jiji ni taka, mitaro na masoko, na kukopa kwa hatifungani, yaani kuwauzia watu na taasisi hati za deni zenye riba, ili kulaza nyaya za faiba za kupitishia intaneti ni kuwaachia wajukuu deni. Wasiwasi wake nauheshimu. Nimekuwa mhasibu wa halmashauri mpaka nilipostaafu, na nimeona jinsi deni linavyoweza kupokezana mikono kutoka mkurugenzi hadi mkurugenzi mpaka hapabaki mtu ofisini anayekumbuka lilianzaje. Lakini mwenzangu ameliruka swali lenyewe. Deni hilo litalipwa kutoka mfuko upi? Na siku riba isipolipwa, mwenye hatifungani atamshika nani? Kuna miji iliyojibu maswali hayo kabla ya kukopa, na leo wananchi wake wanaishi na matunda. Kuna mingine iliyokopa kwanza ikajibu baadaye, na wananchi wakalipa.

Mimi naishi Ngamiani hapa Tanga, na nina duka la steshenari lenye kompyuta za kulipia. Nina pia hatifungani za Mamlaka ya Maji ya Tanga, zile zilizouzwa mwaka 2024. Kwa hiyo jambo hili linanigusa pande mbili: dukani nanunua intaneti kila siku, na fedha za uzeeni nimeziweka kwenye deni la taasisi ya umma.

Nianze na dukani. Anayekuja kwangu si mtu wa kupoteza muda mtandaoni. Ni kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu, mwalimu anayepakia vyeti vyake kwenye mfumo wa ajira wa serikali, mama anayetaka kumbukumbu namba ili alipie huduma, fundi anayewasilisha ritani ya kodi. Serikali imehamishia mambo hayo yote mtandaoni, na imefanya vizuri, kwa sababu foleni zimepungua. Ila njia ya kufikia huduma hizo imebaki kuwa bando. Bando likiisha katikati ya fomu, fomu inaanza upya. Dirisha la maombi likiwa linafungwa usiku, mtandao wa simu unaelemewa, na nimewaona watoto wakilia mbele ya kompyuta yangu. Waya wa faiba umepita barabara kubwa si mbali na kwangu. Nilipoomba kuunganishwa niliambiwa mtaa wetu haumo kwenye mpango, na sikupewa tarehe. Simlaumu mfanyabiashara anayepima faida yake kabla ya kuchimba. Nasema tu kwamba kwa kipimo hicho kata za Makorora na Mabawa zitasubiri sana, na Pongwe zaidi.

Sasa nije kwenye mji ambao watu wanaojadili jambo hili huutaja sana: Chattanooga, jimbo la Tennessee, Marekani. Mdogo wangu wa kiume anaishi huko na nimekaa kwake nilipokwenda kumuuguza mkewe. Ni mji wa watu chini ya laki mbili. Umeme wake unaendeshwa na bodi ya umma inayoitwa EPB, iliyoundwa mwaka 1935. Taasisi hiyohiyo ndiyo inayomletea mdogo wangu intaneti ndani ya nyumba. Jioni moja upepo ulivuma, miti ikaanguka, taa zikazima. Nilijiandaa kwa usiku wa giza. Zikarudi kabla hatujapata mshumaa. Shemeji akanieleza kwamba kwenye nyaya za umeme kuna swichi zinazozungumza zenyewe kupitia faiba: zinatambua mahali penye hitilafu, zinapatenga, na kuupitisha umeme njia nyingine. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba faiba ile haikuanza kama biashara ya intaneti. Ilianza kama mradi wa kutengeneza gridi ya umeme, na intaneti ya majumbani ikapanda juu ya waya huohuo.

Kwa mhasibu hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia. Mwaka 2008 EPB iliuza hatifungani za takriban dola milioni 220. Dhamana yake haikuwa kodi ya majengo wala bajeti ya jiji. Ilikuwa mapato ya umeme, yaani bili ambazo watu walikuwa wakilipa tangu enzi za babu zao. Upande wa intaneti ukawa na vitabu vyake, ukaulipa upande wa umeme kwa kutumia faiba, na ulipokopa fedha za kuanzia ukatakiwa kuzirudisha na riba. Kampuni za kebo zilikwenda mahakamani kuzuia, zikashindwa. Kisha mwaka 2009 serikali kuu ya Marekani, ikitafuta namna ya kufufua uchumi, ikawapa ruzuku ya zaidi ya dola milioni 111. Kazi iliyopangwa kuchukua miaka mingi ikaenda mbio. Septemba 2010 mji ule ukawa wa kwanza Marekani kuuza intaneti yenye kasi ya gigabiti moja kwa sekunde kwa kila nyumba na kila duka katika eneo lake lote la umeme, vilimani na mashambani pamoja.

Bei ya mwanzo ya kasi hiyo ilikuwa dola 350 kwa mwezi, kitu cha matajiri. Mwaka 2013 ikashushwa hadi dola 70 hivi. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, EPB na kaunti ya Hamilton walianza kuwaunganishia bure wanafunzi wa familia za kipato cha chini, mpango uliolenga watoto wapatao 28,000 na kuahidiwa miaka kumi. Mwaka huohuo Profesa Bento Lobo wa Chuo Kikuu cha Tennessee pale Chattanooga alikadiria kwamba katika miaka kumi ya kwanza faida kwa jamii ilifika dola bilioni 2.69 na ajira zaidi ya 9,500. Sehemu ya faida hiyo ni umeme usiokatika, jambo ambalo wanaoisifu intaneti ya Chattanooga huwa wanalisahau.

Hata hivyo sitaki diwani yeyote wa Tanga asimame barazani na kusema tufanye kama Chattanooga. Ile ruzuku hatuna. Na umeme wetu si wa jiji, ni wa TANESCO, shirika la taifa zima. Jiji la Tanga halina bili ya umeme ya kuweka rehani.

Mji wa kujifunza zaidi kwa upande wa maamuzi ni Lafayette, jimbo la Louisiana. Hapo watu waliulizwa. Tarehe 16 Julai 2005 walipiga kura kuhusu hatifungani za hadi dola milioni 125, na asilimia 62 wakasema ndiyo. Meya wao, Joey Durel, alikuwa wa chama cha Republican, chama ambacho kwa kawaida hakipendi serikali ifanye biashara, na bado alizunguka akiutetea mradi. Baada ya kura zikafuata kesi. Mabishano yalihusu namna hatifungani zilivyotungwa na mfuko gani uwe dhamana, mpaka mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilipomaliza shauri mwanzoni mwa 2007. Hatifungani zikauzwa mwaka huo, na wateja wa kwanza wakaunganishwa mwaka 2009. Karibu miaka minne kutoka kura hadi waya! Watu wa Lafayette waliingoja kwa sababu waliamua wenyewe. Longmont, huko Colorado, nako walipiga kura mbili: mwaka 2011 kulipatia jiji ruhusa ambayo sheria ya jimbo ilikuwa imeibana, na mwaka 2013 kuidhinisha hatifungani za zaidi ya dola milioni 40. Waliojiunga mwanzoni walipewa gigabiti kwa dola 49.95 kwa mwezi. Nyumba nyingi zikajiunga mapema, na mradi wa namna hii huponea hapo, kwenye idadi ya waliojiunga miaka ya mwanzo, kwa sababu riba haisubiri wateja.

Na sasa miji ambayo mwenzangu angeitaja kama angeijua.

Burlington, Vermont, walijenga mtandao wa jiji unaoitwa Burlington Telecom. Watu waliutaka na ufundi wake haukuwa mbaya. Lakini mtandao ulipokosa fedha, ofisi ya jiji ikawa inachota kutoka kwenye chungu cha pamoja cha fedha za jiji. Leseni yao ilisema wazi kwamba fedha za jiji zikitumika zirudishwe ndani ya miezi miwili. Hazikurudishwa. Ilipofika 2009 ikajulikana kwamba zimefika kama dola milioni 17. Zaidi ya hapo kulikuwa na dola milioni 33.5 za Citibank, zilizokopwa kwa mkataba wa kukodisha vifaa. Benki ikafungua kesi mwaka 2011. Mwaka 2012 Moody's, wakala anayepima uwezo wa wakopaji kulipa madeni, akaishusha alama ya mkopo ya jiji zima hadi Baa3, daraja moja tu juu ya madeni yanayoogopwa, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo Burlington ilipokopa kwa jambo lolote, iwe barabara au shule, ililipa riba kubwa zaidi. Benki ilikubali dola milioni 10.5 mwaka 2014, na mwaka 2019 mtandao ukauzwa kwa kampuni binafsi.

Habari hiyo inanikera kuliko zote, kwa sababu naijua tabia yenyewe. Fedha za mradi huu zimechelewa, basi azimeni kwenye akaunti ile, mtarudisha robo ijayo. Robo ijayo inakuja na shida zake. Anayeazima si lazima awe mwizi. Mara nyingi ni mtu mwema anayetaka kazi isisimame. Lakini aliyekatwa ushuru wa soko hakuombwa mkopo, na jina lake halimo kwenye daftari la wadai. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo, nimeandika barua za kukataa, na najua jinsi mhasibu anavyotazamwa baada ya barua kama hiyo. Kwa hiyo ninaposema akaunti ya mradi itengwe na ishikwe na mdhamini aliye nje ya halmashauri, sisemi kwa kupenda urasimu. Ndiyo kinga pekee niliyoiona ikifanya kazi.

Provo, huko Utah, ulikuwa ugonjwa mwingine. Walikopa dola milioni 39.5 kwa hatifungani, wakajenga. Sheria ya jimbo ya mwaka 2001 iliwazuia kumuuzia mwananchi moja kwa moja, ikawabidi wapitie kampuni za rejareja. Kwa kila mteja jiji likawa linapata kipande tu cha malipo, na wateja wenyewe hawakutosha. Mwaka 2008 wakauza, mnunuzi akashindwa kulipa, mtandao ukarudi mikononi mwao. Mwaka 2013 Google wakauchukua kwa dola moja. Deni halikwenda na mtandao. Wananchi waliendelea kulipa dola 5.35 kila mwezi kwenye bili zao za huduma kwa ajili ya waya ambao haukuwa wao tena.

Turudi Tanga, kwa sababu tuna jambo ambalo miji mingi ya Afrika Mashariki haina. Februari 2024 Mamlaka ya Maji ilizindua hatifungani ya kijani, yaani ya miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka inayolipwa kila miezi sita. Watu na taasisi wakaleta bilioni 54.72, zaidi ya kilichoombwa, na hatifungani ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wapo waliocheka walipoisikia, wakisema nani ataikopesha mamlaka ya maji. Mimi nilisoma waraka wa matarajio, yaani maelezo anayopewa mnunuzi wa hatifungani, nikaona kitu nilichokitafuta: mapato ya ankara, wateja waliopo, chanzo cha maji kinachojulikana cha mto Zigi na bwawa la Mabayani. Mtu hawezi kuishi bila maji, kwa hiyo ankara italipwa.

Je, intaneti italipwa vivyo hivyo? Hapa naomba tupige hesabu pamoja bila kudanganyana. Riba ya hatifungani ya maji peke yake ni kama shilingi bilioni 7.17 kwa mwaka mtaji wote ukiwa bado haujarudishwa. Mmarekani anayenunua hatifungani ya mji wake hupokea riba ndogo mno kuliko hiyo, kwa sababu kwa kawaida serikali kuu yao haitozi kodi ya mapato juu ya riba hiyo, na kwa sababu bei za vitu kwao hazipandi kama kwetu. Sisi fedha yetu ni ghali. Chukulia kwa mfano jiji linakopa bilioni 10 kwa asilimia hiyohiyo 13.5, na kurudisha mtaji kwa mafungu sawa ya miaka kumi. Mwaka wa kwanza wa marejesho ni bilioni 1.35 za riba na bilioni 1 ya mtaji. Chukulia mteja analipa shilingi 40,000 kwa mwezi, na nusu yake inakwenda kwenye umeme, mafundi na kununua intaneti ya jumla. Zinabaki 240,000 kwa mwaka kwa kila mteja. Ili kulipa bilioni 2.35 unahitaji wateja kama 9,800 wanaolipa bila kuruka mwezi, na wawepo tangu mwaka huo wa kwanza. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu laki nne katika Jiji la Tanga. Ukikadiria wanne kwa kaya ni kaya kama laki moja. Kwa hiyo kaya moja kati ya kumi, kwa shilingi 40,000. Haliwezekani? Sisemi hivyo. Lakini si jambo la kulipata mwaka wa kwanza, na anayesema litajilipa lenyewe hajakaa na kikokotoo.

Ndiyo maana pendekezo langu ni dogo kuliko la wale wanaotaka jiji liwe kampuni ya intaneti kesho. Nataka jiji limiliki kilicho chini ya ardhi: paipu tupu za kupitishia faiba, chemba za kufungulia, na baadaye faiba yenyewe isiyowashwa, yaani waya mtupu usio na mitambo ya intaneti. Juu yake kampuni zishindane. Jiji la Stockholm, Sweden, limefanya hivyo tangu 1994 kupitia kampuni yake ya Stokab: inalaza faiba, inamkodishia yeyote kwa masharti yaleyale, na haimuuzii mwananchi intaneti. Gharama kubwa ya faiba ni kuchimba na kufukia, wala si waya. Barabara moja ya Ngamiani nimeshuhudia ikifukuliwa na kampuni moja, ikafukiwa vibaya, kisha nyingine ikaja na jembe lake mahali palepale, na mvua za masika zikatuachia mfereji mbele ya milango yetu. Tunalipa uchimbaji huo, ama kwenye bei ya bando ama kwenye matengenezo ya barabara.

Kwa hiyo popote mtaro wa maji unapochimbwa kwa fedha za hatifungani ile, au barabara inapojengwa upya, jiji liweke paipu zake kabla ya kufukia. Kwa hatua hiyo hatuhitaji hatifungani hata moja. Inahitaji mhandisi wa jiji na mhandisi wa maji wakae chumba kimoja na michoro yao, na fungu dogo kutoka mapato ya ndani. Paipu zikishaunganisha hospitali ya Bombo, shule za sekondari, ofisi za kata, bandari na stendi ya Kange, tayari kuna wapangaji wanaojulikana. Hapo ndipo hatifungani inapokuwa na maana, kwa sababu kuna mikataba ya upangaji wa paipu ya kumwonyesha mnunuzi.

Wa Provo atanijibu kwamba kukodisha kwa kampuni ndiko kulikowaua. Ni kweli, ila tofauti ni kipimo cha malipo. Wao mapato yao yalifuata idadi ya wateja ambao kampuni zilifanikiwa kuwapata, wakabeba hasara ya biashara isiyo yao. Kodi ya upangaji kwetu ihesabiwe kwa mita ya paipu, ilipwe hata kama mpangaji hajapata mteja, na mikataba ya kwanza iwe imesainiwa kabla hatifungani haijauzwa. Asiyetaka kusaini kwa masharti hayo anatuambia mapema kwamba soko halipo, na taarifa hiyo tunaipata kabla hatujakopa.

Kuna mambo mawili ya kiutaalamu ambayo naomba wasomaji wayatafute kwenye waraka wowote utakaoletwa. Riba ya kipindi cha ujenzi inatoka wapi? Miji ya Marekani hukopa kidogo zaidi ili sehemu ya mkopo ilipe riba mpaka wateja waunganishwe. Ni gharama halali, lakini lazima ionekane kwenye hesabu. Pia kuwe na akiba iliyofungwa, ya angalau nusu mwaka wa marejesho kwa maoni yangu, isiyoguswa kwa mishahara wala kwa posho za vikao.

Sheria nayo hatuwezi kuiruka. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, inaitaka halmashauri ipate idhini ya waziri kabla ya kukopa, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ipitishe waraka, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ina leseni zake. Wenzetu wa Kenya wamefungwa zaidi: ibara ya 212 ya Katiba yao inairuhusu kaunti kukopa tu ikiwa serikali kuu imedhamini na bunge la kaunti limekubali. Wapo wanaoona hivyo ni vikwazo. Mimi naviona vyema, ila vyote vinaishia ofisini, na mwananchi haulizwi popote. Sisi hatuna kura kama ya Lafayette. Tuna mikutano ya mitaa, ambayo kisheria ipo na kwa vitendo huitishwa kwa matangazo ya michango. Hesabu kama niliyoiweka hapa ipelekwe huko, kwa Kiswahili, kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, kabla ya baraza la madiwani kupiga kura. Waliochangia madawati kwa miaka wanaweza kuelewa kaya moja kati ya kumi.

Nisiahidi pia kisichowezekana. Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilikatika nchini na kwa majirani kwa sababu mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu. Hata jiji lingekuwa na faiba kila nyumba, siku hiyo tungekaa. Ambacho kingeendelea ni mawasiliano ya ndani ya mji: daktari wa Bombo kupokea picha ya eksirei kutoka kituo cha afya cha Pongwe, au shule kufungua masomo yaliyohifadhiwa kwenye seva iliyopo hapahapa. Hilo nalo linategemea mtu aliyepanga tangu mwanzo kwamba data ya Tanga isizunguke Dar es Salaam au Ulaya kabla ya kufika mtaa wa pili.

Ndugu Mhariri, gazeti lako lina mwandishi hapa Tanga. Naomba amuulize mkurugenzi wa jiji maswali matatu na kuchapisha majibu yake kama yalivyo: katika mitaro iliyochimbwa tangu hatifungani ya maji iuzwe, ni mita ngapi zimewekwa paipu za jiji za kupitishia faiba? Kampuni zinazochimba kando ya barabara zetu zinalipa nini, na fedha hizo zinaingia akaunti ipi? Na je, bajeti ijayo ina fungu lolote kwa ajili ya kazi hiyo? Majibu yakipatikana, nipo tayari kuketi na kamati ya fedha ya madiwani kuzipitia namba, bila posho.

Mhasibu mstaafu wa halmashauri,
Ngamiani, Tanga